Kamusi ndogo ya simu na maneno ya sokoni

Sisi wanafunzi wa lugha tunalijua swali linalotungoja nyumbani kila likizo: "Na masomo hayo, utafanya nayo kazi gani?" Wenzetu wa enformatiki hawaulizwi hivyo. Watu huamini kwamba simu, ambayo karibu kila mtu anayo mfukoni, ni mali ya wale, na kwamba sisi tumebaki na vitabu. Makala haya yanahusu kazi iliyonifanya nisiikubali tena imani hiyo.

Mwaka jana wa masomo nilitengeneza programu ya simu. Sikuwa na ujuzi wowote wa kutengeneza programu. Nilikuwa nimepitia tu lile somo la utangulizi ambalo sote tunalipitia. Programu yenyewe ni ndogo: kamusi ya maneno 412 ya Kiswahili cha Lubumbashi, Kiswahili sanifu na Kifaransa. Ilinichukua miezi mitano, jioni na siku za Jumamosi. Katika miezi hiyo niliielewa sarufi ya mwaka wa kwanza kuliko nilivyoielewa siku ya mtihani wake. Tena nilikutana na swali ambalo mpaka leo linaligawanya kundi letu: neno la sokoni likiingia katika kamusi, tulipe jina gani?

Haja ilitoka kwa mwenzangu wa chumba. Yeye alikuja Lubumbashi kutoka Kananga akijua Kiciluba na Kifaransa, akaanza kujifunza Kiswahili kwa bidii katika vitabu vya maktaba. Vitabu vilimfundisha kusema ugali, mchicha na kisamvu. Alipofika Soko la Kenya akakuta watu wanauza unga wa bukari, lenga-lenga na sombe. Vitu vilikuwa vile vile, majina yalikuwa mengine. Kamusi kubwa za maktaba hazikumsaidia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mwaka 1981, ilitungwa Dar es Salaam kwa ajili ya lugha sanifu. Kamusi ya Charles Sacleux ya mwaka 1939 inaeleza kwa Kifaransa lahaja nyingi, lakini ni zile za pwani ya mashariki. Yeye alitaka kitu kimoja tu: aandike neno alilolisikia, apate maana yake palepale mbele ya meza ya muuzaji, bila kutumia mega.

Nilichagua chombo kinachoitwa App Inventor. Kilianzia Google mwaka 2010, na tangu mwaka 2012 kinaendeshwa na chuo cha MIT cha Marekani. Ni cha bure, na kurasa zake zinaweza kusomwa kwa Kifaransa. Mtu haandiki mistari ya msimbo kwa mkono. Anaburuta vipande vya rangi na kuviunganisha, kama watoto wanavyounganisha vipande vya plastiki vya kuchezea. Upande mmoja unapanga sura ya programu: kisanduku cha kuandikia, kitufe cha kubofya, mahali pa kuonyesha jibu. Upande wa pili unaeleza kitakachotokea: kitufe hiki kikibofywa, fanya hivi, kisha hivi. Vipande visivyofaana havishikani, kwa hiyo mwanzishi hasumbuliwi na nukta wala mabano yaliyosahaulika.

Intaneti inahitajika wakati wa kutengeneza, na hapo ndipo fedha yangu ilipokwenda. Lakini programu ikishawekwa katika simu, pamoja na faili ya maneno ndani yake, inafanya kazi bila mtandao. Hilo ndilo lililonishawishi. Kwa kuwa umeme nao ulikuwa ukikatika jioni, nilijizoeza kuchora kila kitu kwenye karatasi kwanza: skrini ina nini, mtu anabofya wapi, anaona nini. Wakati umeme uliporudi nilijua tayari nitaburuta kipande gani. Namshauri kila anayeanza afanye hivyo hata kama kwao umeme haukatiki.

Jambo la kwanza ambalo mwanzishi analigundua ni kwamba simu haijui lolote. Tunasema simu ni "za akili", lakini kwa simu neno "mtoto" ni herufi tano zilizopangana, na "Mtoto" yenye herufi kubwa ni kitu kingine kabisa. Baadhi ya kibodi huanza na herufi kubwa zenyewe. Basi ilinibidi niamuru kwamba kila kilichoandikwa kigeuzwe kwanza kuwa herufi ndogo. Mtu akiacha nafasi tupu mwishoni mwa neno, simu inaihesabu nafasi hiyo pia. Ikabidi niamuru iondolewe. Kisha "lenga-lenga", "lenga lenga" na "lengalenga" yalikuwa maneno matatu. Nikaamuru vistari na nafasi zote viondolewe kabla ya kutafuta, katika neno la mtumiaji na katika orodha yetu vilevile.

Wale waliosoma Vocabulaire de ville de Elisabethville watanielewa. Andiko hilo la mwaka 1965, lililokusanywa na André Yav, linasimulia historia ya mji wetu kwa Kiswahili cha watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Johannes Fabian alilichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990. Tahajia yake haikufuata kanuni za shule: neno moja linaweza kuandikwa kwa namna mbalimbali, na mipaka kati ya maneno inahamahama. Msomaji wa hapa akilisoma kwa sauti, analielewa, kwa sababu sikio linasahihisha kile ambacho jicho limekikosa. Simu haina sikio la namna hiyo. Kila msaada ambao sikio letu linatupa bure, mtengenezaji wa programu anapaswa kuutaja kwa simu, mmoja baada ya mwingine.

Baada ya tahajia ilikuja sarufi. Katika lugha ya Kifaransa, maneno mengi hubadilika mwishoni, kwa hiyo mtu akiandika herufi za mwanzo anakaribia mahali penyewe katika kamusi. Kwetu mabadiliko makubwa yako mwanzoni. Anayesikia "batoto" ataandika "batoto", wakati orodha ina "mtoto". Anayesikia "bitabu" hatafikiria herufi ya K. Mwenzangu alikuwa akisikia maneno yaliyokwisha kuvaa viambishi vyao, na kazi ya programu ilikuwa kuyavua.

Niliandika kanuni kwenye karatasi: neno likianza na ba- au wa-, ondoa, weka m- au mu-, tafuta tena. Likianza na bi- au vi-, weka ki-. Likianza na ka- au tu-, ondoa tu, kwa kuwa hapa kwetu "katoto" na "tutoto" ni maneno ya kila siku. Kanuni hizo zinaonekana nzuri mpaka mtu aandike "baba". Ukiifuata kanuni, "baba" ni wingi wa "muba". "Bahari" ni wingi wa "muhari". "Kalamu" ni lamu ndogo, na "kazi" ni zi ndogo. Basi niliweka utaratibu: kwanza tafuta neno zima kama lilivyo. Likipatikana, simama hapo. Lisipopatikana, ndipo uanze kuvua. Na maneno kama "bana", ambayo umoja wake ni "mwana" na si "muna", yaliandikwa moja moja kwa mkono, kwa sababu irabu mbili zilizokutana zimeungana na kanuni haiwezi kuona tena mpaka wao.

Vitenzi vilinipa kazi zaidi. "Tunasoma", "alisoma", "watasoma": ondoa kiambishi cha mtenda, ondoa cha wakati, kinachobaki ni "soma". Lakini "utani" nao una u-, una -ta-, na unabakiwa na "ni". "Anasa" ina a-, ina -na-, na inabakiwa na "sa". Utaratibu wa kutafuta neno zima kwanza uliyaokoa hayo. Halafu nikafika kwenye vitenzi vifupi. Tunasema "anasoma" bila ku-, ila tunasema "anakula", "anakuja", "atakufa". Darasani tulijifunza sababu: shina lenye silabi moja halitoshi kubeba mkazo, kwa hiyo linaibakiza ile ku- ya kitenzi-jina. Nilikuwa nimeiandika sentensi hiyo katika daftari na kuikariri. Sasa ilibidi niigeuze kuwa amri: ikiwa kilichobaki kinaanza na ku-, na kinachofuata kimo katika orodha ya la, ja, fa, nywa na wenzao, basi ku- hiyo haina maana ya pekee, vinginevyo inamtaja mtendwa, kama katika "anakuona".

Nilimwonyesha mwalimu wetu wa mofolojia karatasi hiyo. Aliisoma, akaniuliza: "Na 'simba anakula'?" Nikajibu kwamba simba anakula chakula. Akasema: "Au anakula wewe." Kweli, kwa kanuni zetu wenyewe ku- hiyo inaweza kuwa ile ya shina fupi, na inaweza kuwa wewe unayeliwa. Sentensi moja, sauti moja, maana mbili. Simu haiwezi kuamua, na hata sisi tunaamua kwa sababu tunajua tumesimama wapi wakati simba anatajwa. Katika programu niliacha maana zote mbili zionekane.

Nasimulia haya kwa sababu wengi wetu tunaogopa kazi kama hii tukidhani inahitaji hesabu nyingi. Kuburuta vipande nilikujifunza kwa wiki mbili. Miezi iliyobaki ilikuwa mofolojia. Mtu wa enformatiki angeniacha nyuma kwa mbali katika vipande, lakini angekwama kwenye "bana" na "anakula", kwa kuwa hakuna chombo kitakachomwambia kwamba hapo pana jambo la kufikiria.

Programu ilipoanza kutoa majibu, niliipeleka kwa mama mdogo, anayeuza unga na majani Soko la Kenya. Wakati huo orodha ilikuwa na maneno 150, na tulikuwa tumeanza na upande wa sanifu kwa sababu ndio uliokuwa tayari katika vitabu. Mama mdogo aliishika simu yangu kwa mikono miwili, akaandika "meka", kile kipimo anachopimia unga kila siku. Jibu: neno halipo. Akaandika "kikanda". Neno halipo. Akanirudishia simu bila hasira, akasema: "Ile kiswahili ya mu telefone ni ya benye kusoma. Na yetu iko fasi gani?"

Swali lake nililipeleka kwenye kundi letu, ambalo lilikuwa limefikia watu watatu: mimi, mwenzangu wa chumba, na kijana mmoja wa darasa letu aliyekuwa akisaidia kuandika maana za Kifaransa. Kuongeza "meka" na "kikanda" hakukuleta ubishi. Ubishi ulitokea tulipofika kwenye lebo. Yule kijana alipendekeza kila neno la Lubumbashi lenye mwenzake wa sanifu liandikwe "kosa", kisha mtumiaji apelekwe kwenye neno "sahihi". Hoja zake hazikuwa nyepesi. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Anayetafuta kazi ya ukalimani au ualimu nje ya Lubumbashi ataulizwa sanifu. Mtoto atakayeandika "batoto" katika mtihani atakatwa alama. Alisema: "Tukiwaachia hivi hivi, tunawadanganya."

Mimi nilimfikiria mama mdogo akisoma neno "kosa" chini ya "bukari". Huyu ni mtu ambaye akikutana na mgeni kutoka Tanzania hunyamaza, ananisukuma mimi mbele nimsemee, ingawa bei anaijua yeye na bidhaa ni zake. Neno hilo moja dogo kwenye skrini lingemthibitishia kwamba amefanya vizuri kunyamaza. Na lingekuwa na nguvu kuliko likitoka kinywani mwa mwalimu, kwa sababu watu wanaamini kwamba simu haina upendeleo. Sisi watatu tulijua kwamba simu ile ilikuwa na upendeleo wetu, tena ulioandikwa Jumamosi jioni katika safu ya tatu ya faili.

Nilisema pia kwamba Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Kiciluba, bila kutaja ni Kiswahili cha wapi. Lakini aliyetusaidia zaidi ni mwenzangu wa Kananga. Alituambia kwamba yeye anahitaji kujua mambo mawili tu: neno hili likisemwa wapi litaeleweka, na akienda pengine aseme nini. "Kosa" halikumjibu lolote kati ya hayo.

Ndivyo tulivyoamua. Kila neno lina safu nne: neno lenyewe, mahali linaposemwa, mwenzake wa mahali pengine, na maana ya Kifaransa. Ukiandika "bukari", skrini inasema: Lubumbashi, kwa sanifu ni ugali. Ukiandika "ugali", inasema: sanifu, Lubumbashi ni bukari. "Mayi" na "maji" vivyo hivyo. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani anaona aandike nini, na muuzaji anaona neno lake likiwa na anwani. Yule kijana alikubali kwa sharti kwamba neno "sanifu" liandikwe kwa herufi nzito. Tuliliandika kwa herufi nzito.

Yako maneno ambayo safu ya tatu ilibaki tupu. Kikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi vidogo vya okidi za porini pamoja na unga wa karanga, hakina mwenzake wa sanifu tuliyeweza kumpata. Munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachochachuliwa kwa mizizi, nacho hivyo. Hapo badala ya neno tuliweka sentensi ya maelezo. Tuligundua kwamba sentensi hizo ndizo ambazo wageni wanazisoma zaidi.

Badiliko la mwisho lilikuwa dogo kuliko yote. Kile kipande cha kutafuta katika orodha kina nafasi ya maneno ya kuonyesha pale neno lisipopatikana. Tuliyaondoa maneno "neno halipo", tukaandika: "Neno hili bado hatuna. Utupe maana yake?" Chini yake tukaweka kisanduku na kitufe cha kuhifadhi. Neno linabaki ndani ya simu, haliendi popote mpaka mwenye simu atuonyeshe mwenyewe. Tuliiweka programu katika simu ya mama mdogo na za majirani zake wawili wa meza, wakiwa wamekubali. Baada ya wiki mbili zilikuwa na maneno 61. Tuliyatafuta katika kamusi za maktaba. 23 hatukuyaona popote. Mengi ni ya vipimo, ya mikopo ya siku moja, na ya namna ya kupunguza bei bila kumwaibisha mnunuzi. Maana ya kila moja iko kwa maneno ya mama hao wenyewe.

Kuipeleka programu katika duka la Google kungetudai dola 25 za kujiandikisha, kwa hiyo tunaigawa kwa mkono, simu kwa simu, kwa Bluetooth. Simu humwonya anayeipokea kwamba haikutoka dukani. Ni vizuri mumweleze jambo hilo kabla hajashtuka. Inafunguka hata katika simu za bei nafuu, kwa kuwa ndani yake hamna picha.

Kwa wenzangu wanaotaka kujaribu: chagueni haja ya mtu mmoja mnayemjua, si ya "watumiaji". Choreni kwenye karatasi. Fanyeni sehemu moja, ijaribuni katika simu, ndipo mwende kwenye ya pili. Na mpeni mtu asiyesoma katika fakulte yetu aishike kabla haijakamilika, maana ikishakamilika atawaambia tu kwamba ni nzuri.

Kazi iliyobaki ni ya yale maneno 23, na ya mengine yanayokuja. Kila moja linahitaji mtu wa kwenda sokoni kulisikia katika sentensi, kuandika ngeli yake, kuuliza kama Likasi na Kolwezi wanalisema. Faili iko wazi, safu zake ni nne, na nafasi tupu ni nyingi. Tunakutana Jumamosi saa nane mchana, chini ya miti iliyo mbele ya maktaba.